Mwaka wa Mtu: Jinsi Varshafala Inavyopigwa Hesabu

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu, juma la maadhimisho



Kamati ya maadhimisho imeniomba nieleze jinsi kundali ya mwaka inavyopigwa hesabu. Imeniomba hivyo kwa sababu inayojulikana na wengi humu ukumbini. Siku hizi karatasi za varshafala zimekuwa nyingi, nazo hazipatani. Mtu hupelekewa moja na jamaa yake aliyeko Rajkot au Jamnagar, akatoa nyingine katika simu yake, na ya tatu akaandikiwa na mgeni mwenye sifa aliyepita mjini. Zote zinamhusu mtu mmoja na mwaka mmoja, lakini hii inampa heri na ile inamtia hofu. Nataka kuonyesha leo kwamba tofauti hiyo, mara nyingi, haitoki katika nyota wala katika kipaji cha mwenye kuzisoma. Inatoka katika dakika 3 na sekunde 26.

Tuanze na lile lisilobishaniwa. Varsha ni mwaka, na fala ni tunda. Varshafala ni tunda la mwaka. Kundali ya kuzaliwa, ambayo wengi wetu tuliandikiwa tukiwa wachanga, ni sura ya mbingu kwa dakika ile mtoto alipovuta pumzi ya kwanza. Katika sura hiyo Jua lina mahali pake maalumu: katika buruji fulani, kwa digrii, dakika na sekunde za duara. Jua huondoka hapo, likazunguka buruji zote 12, na baada ya mwaka hurejea mahali palepale. Dakika ya kurejea ndiyo huitwa varshapravesha, yaani kuingia kwa mwaka. Hupigwa sura mpya ya mbingu kwa dakika hiyo, na sura hiyo ndiyo kundali ya mwaka wote utakaofuata kwa mtu yule.

Mtaona mara moja kwamba siku hiyo si lazima iwe ile tunayokatia keki. Mwaka wa Jua hauna siku kamili. Una siku 365 na saa sita na kitu. Kalenda ya ukutani huziweka akiba saa hizo mpaka mwaka wa nne, ikazilipa kwa siku moja mwezi wa Februari. Jua halina desturi ya kuweka akiba. Mwaka huu likirejea asubuhi, mwakani litarejea karibu na adhuhuri, na mwaka wa tatu jioni.

Hilo neno "na kitu" ndilo lenye matata yote. Mwaka hupimwa kwa njia mbili. Watu wa Ulaya huupima kutoka nukta ya usawa wa usiku na mchana wa mwezi wa Machi hadi nukta hiyo tena, na mwaka huo una siku 365, saa 5, dakika 48 na sekunde 45. Wahindi huupima kutoka nyota iliyotulia mpaka nyota ileile. Njia hii huitwa nirayana, na mwaka wake una siku 365, saa 6, dakika 9 na sekunde 10. Tofauti ni kama dakika 20, kwa kuwa nukta ya usawa yenyewe hurudi nyuma polepole mbele ya nyota. Dakika 20 kwa mwaka ni siku nzima kwa muda wa miaka 70 hivi. Ushahidi wake tunao katika sikukuu zetu. Swami Vivekananda alizaliwa tarehe 12 Januari 1863, siku ya Makara Sankranti, Jua linapoingia buruji ya Mbuzi. Leo sikukuu hiyo, ambayo sisi wa asili ya Gujarat huiita Uttarayan na kuirushia tiara, tunaisherehekea tarehe 14, na miaka mingine huangukia 15. Swami hakuhama, wala Jua halikukosea njia. Kalenda mbili zinaachana.

Hapa pana ubishi ambao ningependa tuupunguze. Watu hushindana sana juu ya ayanamsha, yaani ule umbali wa digrii unaotenganisha mwanzo wa buruji za Kihindi na mwanzo wa buruji za Kizungu. Serikali ya India iliunda kamati ya kurekebisha kalenda mwaka 1952, chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, nayo ikaweka ayanamsha kuwa digrii 23 na dakika 15 kwa tarehe 21 Machi 1956. Sasa imefika kama digrii 24. Wapo wanaotumia hesabu nyingine iliyopungua au kuzidi kidogo. Ubishi huo una maana mnapotaka kujua kama Mwezi uko mwisho wa Kaa au mwanzo wa Simba. Kwa saa ya kurejea kwa Jua hauna uzito wowote, maadamu mtu ametumia ayanamsha ileile kwa kuzaliwa na kwa kurejea. Ukihamisha mahali pa kuanzia kupima, umehamisha ncha zote mbili za kamba. Urefu wa kamba ni uleule.

Basi zile dakika 3 na sekunde 26 zinatoka wapi? Zinatoka katika jedwali.

Wazee wetu hawakuwa na mashine. Walikuwa na Surya Siddhanta, kitabu cha kale cha elimu ya mbingu, ambacho mwaka wake una siku 365, ghati 15, pala 31 na vipala 31 na kidogo. Kwa vijana: siku ina ghati 60, ghati moja ni dakika 24, ghati ina pala 60, pala moja ni sekunde 24. Kwa hiyo zile ghati 15 na pala 31 na nusu ni saa 6, dakika 12 na sekunde 36. Na kwa kuwa siku 365 ni majuma 52 na siku moja, mwalimu wa zamani aliandika kanuni fupi mno: kwa kila mwaka uliotimia, ongeza siku 1, ghati 15, pala 31 na vipala 30 juu ya siku ya juma na saa ya kuzaliwa. Hakuhitaji kuangalia mbingu. Mpiga hesabu aliyeketi chini ya mwembe akiwa na kibao na chaki angeweza kukupa mwaka wako kabla chai haijapoa. Mimi naiheshimu sana kanuni hii. Kwa akili iliyomo ndani yake, ina uzuri wa kitu kilichofanyiwa kazi na vizazi vingi.

Lakini mwaka wake umezidi mwaka wa kweli wa nyota kwa dakika 3 na sekunde 26. Mtoto wa mwaka mmoja hataona dhara. Dakika hizo hujikusanya, kama riba.

Tumchukue mtu mmoja wa mfano. Amezaliwa hapa Mombasa siku ya Jumapili, karibu na tarehe 22 Machi, ghati 5 baada ya Jua kuchomoza. Ghati 5 ni saa 2 kamili. Nasi tunaosema Kiswahili hatuna haja ya kugeuza chochote, kwa kuwa saa yetu nayo huanza asubuhi: amezaliwa saa 2 asubuhi. (Niliwahi kumweleza jambo hili mgeni kutoka Varanasi, akacheka akasema kumbe Waswahili wamehifadhi kwenye saa za mkononi kile ambacho kwao kimebaki katika almanaka tu.) Jua liko digrii 8 za Samaki. Lagna, yaani nukta ya mbingu inayochomoza upande wa mashariki, iko katika Punda. Sasa ametimiza miaka 52, anataka kundali ya mwaka wake wa 53.

Kwa jedwali la kale tunazidisha kwa 52. Siku 52, ghati 780 ambazo ni siku 13, na pala 1,638 ambazo ni ghati 27 na pala 18. Jumla siku 65. Tukiondoa majuma kamili zinabaki 2. Mwaka wake unaingia Jumanne, ghati 32 na pala 18 baada ya Jua kuchomoza, yaani saa 12 na dakika 55 jioni. Jua limekwisha kuchwa. Lagna ni Mashuke.

Kwa mwaka wa kweli wa nyota, zile saa 6, dakika 9 na sekunde 10 mara 52 zinatupa siku 13, saa 7, dakika 56 na sekunde 40. Mwaka unaingia Jumanne ileile, lakini saa 10 kasoro dakika 3, alasiri, Jua lingali juu. Lagna ni Simba.

Wameachana kwa saa 3 kasoro dakika moja na nusu. Tazameni basi tofauti hiyo inafanya nini ndani ya kundali.

Kuna kitu kiitwacho muntha. Huanza katika lagna ya kuzaliwa na kusogea buruji moja kwa kila mwaka. Mtu wetu ana lagna ya Punda, buruji ya kwanza. 1 na 52 ni 53. Ukigawa kwa 12 inabaki 5, na buruji ya 5 ni Simba. Muntha iko Simba katika karatasi zote mbili, kwa sababu haitegemei saa. Lakini husomwa kwa kuhesabu nyumba kutoka lagna ya mwaka. Kwa lagna ya Simba, muntha iko nyumba ya 1: afya, heshima, nguvu mpya. Kwa lagna ya Mashuke, muntha iko nyumba ya 12, mojawapo ya nyumba zinazochukiwa pamoja na ya 4, 6, 7 na 8. Nyumba ya 12 ni ya gharama, hasara na kitanda cha hospitali. Msidhani ile karatasi ya kwanza ni asali tupu: mwenye Simba ni Jua, na kutoka lagna ya Simba Jua hilo lililoko Samaki limeangukia nyumba ya 8. Kila karatasi ina ya kwake. Ninachosema ni kwamba si mwaka mmoja tena.

Kisha kuna bwana wa mwaka. Huteuliwa miongoni mwa wagombea 5: bwana wa lagna ya kuzaliwa, bwana wa lagna ya mwaka, bwana wa muntha, bwana wa utatu wa buruji, na bwana wa mchana au usiku. Kila mmoja hupimwa nguvu zake kwa alama 20, na mwenye nguvu kuliko wote anayeitazama lagna ya mwaka ndiye hukabidhiwa mwaka. Katika mfano wetu bwana wa lagna ya mwaka amebadilika kutoka Jua kuwa Utaridi. Na kwa kuwa karatasi moja inasema mchana na nyingine usiku, bwana wa mchana ni Mshtarii, mwenye buruji ya Samaki iliyobeba Jua, ilhali wa usiku ni yule mwenye buruji iliyobeba Mwezi. Bwana wa utatu naye hubadilika kwa mchana na usiku. Katika viti vitano, vitatu vimepata watu wengine. Hata ile mudda dasha, inayougawa mwaka katika zamu za siku 18 za Jua, 30 za Mwezi, 21 za Mirihi na kuendelea mpaka zitimie 360, huanza kuhesabiwa kutoka saa ya kuingia kwa mwaka.

Nimeichukua hesabu hii taratibu kwa sababu ya tukio la mwaka jana. Mama mmoja wa ushirika wetu, mjane, alinijia na karatasi mbili. Alikuwa amepewa miadi ya kutolewa mtoto wa jicho. Karatasi iliyotoka kwa jamaa zake, iliyopigwa kwa jedwali la kale, ilimwekea muntha katika nyumba ya 12 na kumwonya asiguswe na chuma mwaka ule. Ya pili, iliyotoka kwenye simu ya mjukuu wake, haikuwa na onyo hilo. Hakuniuliza juu ya macho yake. Aliniuliza hivi: "Kaka, ipi kati ya hizi ndiyo ya Mungu?" Nilimwonyesha kwa kalamu mahali zilipoachana, mstari kwa mstari, kama nilivyowaonyesha ninyi. Kisha nikamwambia kwamba habari za jicho ni za daktari wa macho, na kwamba hakuna maneno ya mapokeo yetu yanayomtaka mtu abaki kipofu kwa ajili ya dakika 3 na sekunde 26. Alikwenda. Sasa anajisomea mwenyewe bhajan katika maandishi ya Kigujarati.

Wengine watasema: jedwali limetoka katika Surya Siddhanta, nani wewe ulirekebishe? Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko katika historia ya elimu yenyewe. Wanajimu wa Kihindi hawakuacha kupima. Walikuwa na neno, bija, kwa marekebisho yanayotiwa katika hesabu za kale ili zilingane na kinachoonekana mbinguni. Ganesha Daivajna, aliyeandika Grahalaghava mwaka 1520, alijulikana kwa kudai hesabu ilingane na jicho. Kwa hiyo anayetumia leo mahali pa kweli pa Jua, kama panavyotolewa na almanaka za taifa la India na programu za kompyuta zilizo bora, anafuata njia ya wazee. Na nieleze kwamba hata kuongeza saa 6, dakika 9 na sekunde 10 kila mwaka ni makadirio tu. Mwezi na sayari huivuta dunia huku na huku, na kurejea kwa Jua huweza kuwahi au kuchelewa kwa dakika kadhaa. Njia sahihi ni kutafuta dakika ambayo Jua limefika hasa katika digrii, dakika na sekunde yake ya kuzaliwa.

Tena, elimu hii ya mwaka haikutoka India peke yake. Jina lake katika vitabu ni tajika, nalo limetokana na neno la Kiajemi la kuwaita Waarabu. Ilipokewa Gujarat, katika nchi ya bandari zilizofanya biashara na Waarabu na Waajemi, na katika karne ya 13 Samarasimha, mtu wa huko Gujarat, alikwisha iandika kwa Kisanskriti. Nilakantha, mwanajimu katika zama za mfalme Akbar, alitimiza Tajika Nilakanthi mwaka 1587, na kitabu hicho ndicho kilichofundisha varshafala kwa vizazi vyote vilivyofuata. Mwaka 1649 Balabhadra akaandika Hayanaratna, Kito cha Mwaka, akikiri wazi kwamba chanzo ni cha Wayavana, watu wa magharibi, na akitetea haki ya Mbrahmani kuisoma.

Na hapa, ndugu zangu, msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo pandit wa Kashi hana. Vitabu vya tajika vimejaa maneno ambayo kwa Kisanskriti hayana mzizi. Mwanafunzi huyakariri kama majina ya miji ya mbali. Sisi tunayajua tangu utotoni. Kambula, hali ambayo Mwezi huipokea sayari nyingine na kuipa nguvu, ni Kiarabu qabul. Sisi husema kubali. Kinyume chake huitwa gairi-kambula: ghairi ya kukubali. Nakta, sayari nyepesi inapochukua mwanga wa moja na kuufikisha kwa nyingine, ni naql. Katibu wetu hunakili barua kila siku bila kujua kwamba anatenda yoga ya tajika. Yamaya, sayari nzito inapokusanya miale ya nyingine mbili, ni jam', mzizi uleule wa jamii na jumuiya. Radda ni kurudi. Hadda, mipaka ya digrii ndani ya buruji, ni jamaa ya hadi. Sahama, zile nukta za bahati, ndoa, safari na mengineyo zinazopatikana kwa kujumlisha na kutoa, ni sahm, ambalo kwetu limekuwa sehemu. Na muntha yenyewe wataalamu huihusisha na intiha, mwisho wa kufika, ambalo Kiswahili cha zamani kinalo: intaha.

Maneno hayo yalipanda majahazi ya bahari moja, yakashuka Khambhat na yakashuka Mombasa. Huko yakavaa Kisanskriti, huku yakavaa Kiswahili. Jirani zetu wa pwani nao wana mwaka wa Jua, Nairuzi, wenye siku 365 na jina la Kiajemi, ambao mabaharia waliutumia kuhesabia misimu ya pepo. Sisemi hayo ili kupunguza heshima ya tajika. Elimu iliyopokea mengi kiasi hiki haiwezi kukataa kupokea dakika 3 na sekunde 26.

Yamebaki mambo mawili, na yote mawili yanatuhusu sisi wa ng'ambo kuliko waliobaki nyumbani.

La kwanza ni saa ya kuzaliwa. Ikikosewa kwa robo saa, kurejea kwa Jua nako kutakosewa kwa robo saa ileile, kila mwaka, na lagna itasogea digrii 3 au 4. Wazee waliozaliwa enzi za wakoloni wawe waangalifu. Kabla ya Afrika Mashariki kutulia katika saa 3 mbele ya Greenwich, nchi zetu zilipitia vipindi vya saa 2 na nusu na vya saa 2 na dakika 45. Cheti kinachosema saa fulani hakisemi kwa saa gani. Ongezeni hapo mchanganyiko wetu wa nyumbani: bibi aliyesema "saa 3" akikusudia asubuhi, na mjukuu aliyeandika "3" kwenye simu ikasomwa kuwa alfajiri. Huyo amepoteza saa 6, na jedwali lolote halitamwokoa. Tena Jua la Mombasa liko nyuma ya saa ya ukutani kwa kama dakika 21. Anayepiga hesabu kwa ghati aanze na macheo ya kweli ya mahali, asianze na saa 12 kamili.

La pili ni mahali. Jua hurejea kwa dakika moja kwa dunia nzima, lakini lagna ni upeo wa macho, na kila mji una upeo wake. Mtu aliyezaliwa Rajkot akaishi Mombasa ametenganishwa na mji wake kwa digrii 31 za longitudo, yaani saa 2 na dakika 4 za mzunguko wa dunia; lagna zake mbili zitapishana takriban buruji nzima. Wanajimu wamegawanyika. Wengi wa India hupiga kwa mji wa kuzaliwa, kwa hoja kwamba kundali ya mwaka ni tawi la kundali ya asili na halina ruhusa ya kutoa tunda ambalo shina halikuahidi. Hoja hiyo ya shina na tawi naikubali yote. Hata hivyo rai yangu ni kupiga kwa mji anaoishi mtu, kwa kuwa lagna haina maana nyingine ila kile kinachochomoza mbele ya macho yake. Ila wale wanaokata tiketi ya ndege ili siku ya kuzaliwa iwakute katika mji wenye lagna nzuri, hao nawaachia Maharaji awajibu, maana mimi nikiwajibu nitacheka.

Mahali pa Jua kila mtu mwenye almanaka anaweza kupahakiki, Mhindu au asiye Mhindu, na akikuta kosa tutamshukuru. Kwamba muntha katika nyumba ya 12 huleta gharama, hilo ni mapokeo na imani. Haliko katika daraja moja na lile la kwanza, wala mtu asiliuze kana kwamba liko. Mimi mwenyewe hupiga kundali yangu kila mwaka, huisoma kama mtu asomavyo barua ya mzazi, kisha huenda kazini.

Kwa hiyo nimeiomba kamati, nayo imeridhia, kwamba karatasi yoyote ya varshafala itakayoandikwa hapa hekaluni iwe na maneno haya juu yake: saa ya kuzaliwa na imetoka wapi, yaani cheti, daftari la nyumbani au kumbukumbu ya mtu, saa hiyo ilipimwa kwa kanuni gani ya nchi, mji uliotumika kwa lagna, ayanamsha, na kama Jua limetafutwa kwa mahali pake pa kweli au kwa jedwali. Mwenye kupenda jedwali la kale aendelee nalo, lakini aliandike. Karatasi isiyo na maneno hayo msiilipie.

Daftari jipya la kuandikishia saa za kuzaliwa limewekwa mezani karibu na mlango wa jikoni, pamoja na kalamu. Wenye mama au nyanya walio hai na wanaokumbuka, waulizeni jioni hii hii, na waulizeni kwa Kiswahili au Kigujarati: Jua lilikuwa wapi? Lilikuwa limefika juu ya paa la nani? Mimi nimepata saa ya kuzaliwa ya mzee mmoja kwa sababu dada yake alikumbuka kwamba kivuli cha mnazi kilikuwa kimefika kwenye kisima. Tulikwenda, mnazi haupo, lakini kisima kipo, na tukapima.

Sasa nitapokea maswali, na aliyeleta karatasi zake mbili azilete mbele.